Gari Juu ya Jeki Haliumwi

"Gari juu ya jeki haliumwi." Mmenisikia nikiwaambia watu hivyo, mkacheka na kuniuliza bibi kama mimi nimejifunzia wapi ufundi. Sikujifunza. Nilikuwa nikipika chai kwenye gereji ya Fundi Kessy pale Moshi, na macho nilikuwa nayo. Kaeni basi, methali hii ilizaliwa mbele yangu.

Palikuwa na bwana mmoja, Anaeli, mwenye gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, injini ya silinda nane. Likinguruma, kuku wa mtaa mzima wanakimbia. Mama yake alikuwa mgonjwa, akiuguzwa nyumbani kwa Anaeli mjini, miguu imekufa, na alitaka jambo moja tu: arudishwe mlimani akafie kwenye kihamba chake, shamba la ukoo lenye nyumba yake.

Anaeli na mkewe wakampakia, pamoja na godoro na magunia. Walipoanza kupanda mlima, gari likapiga kishindo kwa nyuma, ko! Kila gia ilipobadilishwa, ko! Mama akalia kwa maumivu ya mgongo, wakageuza.

Sasa sikieni kosa letu sisi watu wa kule. Mgonjwa haendi hospitali na nguo chafu, na gari haliendi kwa fundi na mzigo. Anaeli akashusha kila kitu, akaliosha mpaka likang'aa, akalileta. Kessy akalipandisha jeki. Akatikisa magurudumu, akagonga bushi, akafungua difu, lile boksi la gia la ekseli ya nyuma, na kutazama meno yake. Hakuona kosa. Akabadilisha shokabsoba kwa kubahatisha.

Wakapakia tena, wakapanda. Ko!

Walirudi hivyo mara kadhaa, mpaka mama akasema, "Niacheni nife hapa hapa mjini. Nimechoka kupigwa."

Aliyechoka zaidi alikuwa Manka, mke wa Anaeli. Ndiye aliyekuwa akimbeba mama mkwe mgongoni, kumwingiza garini na kumtoa, kumpeleka bafuni na kumrudisha. Uso wake ulikuwa umekauka, nami nilimwonea huruma. Siku ya mwisho walipogeuza tena njiani, alikataa kushusha hata gunia moja.

"Twende gereji hivi hivi," akasema. "Sina mgongo wa kupakia tena."

Anaeli aliona aibu kuleta gari na mzigo, lakini akaendesha. Kessy akaja na jeki yake.

"Usilipandishe," Manka akamwambia. "Likipanda huko juu linapumzika. Litazame likiwa limebeba."

Kessy akaguna, akashuka kwenye shimo la gereji, chini ya gari. Akamwambia Anaeli atie gia na kuliachia kidogo. Kisha tukamsikia akicheka peke yake huko chini.

"Springi imekatika! Jani kubwa la chuma, karibu na jicho, pale linapofungwa kwenye bodi. Mzigo ukikaa, ufa unafunguka na ekseli inasogea. Nikilining'iniza, ufa unajifunga, sioni kitu. Kumbe gari juu ya jeki haliumwi!"

Tukamlaza mama kwenye godoro kivulini, Kessy akafunga springi nyingine. Manka akaketi juu ya tairi kuukuu, nikampa chai. Kessy alipomaliza, akifuta mikono kwa kitambaa, akamsalimu Manka kwa heshima.

"Na wewe shemeji, hujambo lakini?"

"Sijambo, fundi."

Anaeli akadakia, "Huyu haumwi kamwe. Kila jioni akikaa namuuliza, na jibu ni hilo hilo."

Kutoka kwenye godoro, yule mama mgonjwa akainua kichwa. "Muulize akiwa amenibeba."

Manka aliweka kikombe chini akajifunika uso kwa kanga, na mabega yakaanza kutikisika. Anaeli alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mkewe alipotaka kuinuka kwenda kumchukua mama, akamzuia kwa mkono. Akachuchumaa, akampandisha mama yake mgongoni. Ni hatua chache tu hadi garini, lakini alifika anahema, jasho linamtoka.

"Manka," akasema akiwa bado ameinama na mzigo wake, "kila siku hivi?"

"Kila siku, baba."

Walipanda mlima bila ko! hata moja, mama akafika kwake. Kwa hiyo wajukuu, msimwendee mtu aliyeketi mkamuuliza kama amechoka, kisha mkaondoka mmeridhika. Gari juu ya jeki haliumwi.