Posa ya Silwimba

Silwimba wa Tunduma, mpakani na Zambia, alikuwa mchelewaji tangu utoto. Hata kubatizwa alichelewa. Basi akampenda Melania, binti wa Mzee Mbwilo, tajiri wa malori aliyehamia pale wiki ile kutoka Njombe.

"Lete posa kesho saa mbili asubuhi," Mzee akaamuru. "Ukichelewa hata kidogo, binti yangu umsahau."

Saa mbili Silwimba huwa bado anakoroma. Akajikuna kichwa.

"Baba, unanihurumia bure. Mimi ni goigoi. Kwako ni karibu, hata nikilala nitajikokota nifike. Nipe kazi ngumu: tukutane ng'ambo, Nakonde, kwa mjomba wangu. Nipange foleni ya mpakani, ndipo uijue nia yangu. Na tufuate saa ya ukutani kwake, maana mimi hata saa sina."

Mzee akacheka kwa kumdharau. "Haya, umeyataka mwenyewe."

Kesho yake Mzee aliwahi, akasubiri mpaka akachoka. Alipoinuka kuondoka, Silwimba akaingia, alama za mto zingali shavuni.

"Saa tatu hii!" Mzee akafoka, akimwonyesha saa ya mkononi.

Mjomba akanyoosha kidole ukutani, ambako ilikuwa saa mbili kamili. "Mzee mwenzangu, saa za Zambia ziko nyuma ya zenu kwa saa nzima."

Silwimba akapiga magoti. "Kuchelewa nimechelewa, baba. Nimetafuta tu nchi inayochelewa kama mimi."