Hawakuwa na Malaria, au Hatukuiona?

Hapo zamani, tena si zamani za wafalme bali zile za juzi hapa, katika mji mmoja wa bara uliozungukwa na mashamba ya mpunga, palikuwa na chuo cha sayansi za tiba, na chuoni hapo palikuwa na mwalimu aliyeitwa Eufrasia Ndunguru. Hakufundisha damu wala mifupa. Alifundisha Kiingereza cha kuandikia makala za kitaaluma, na wanafunzi walikipenda kipindi chake kama watu wanavyopenda foleni.

Mwaka huo alipewa kundi la utafiti la wanafunzi watatu. Machumu alikuwa hodari wa maabara. Mwanaidi alikuwa hodari wa Kiingereza. Tumsifu alikuwa anarudia somo la Kiingereza kwa mara ya pili, na alikaa nyuma.

Kazi yao ilikuwa hii. Katika kituo cha afya cha jirani, watoto wenye homa walipimwa malaria kwa kipimo cha haraka. Kipimo kikisema hakuna, mtoto anarudishwa nyumbani. Machumu alitaka kujua kama kipimo kinasema kweli. Kwa miezi saba alikwenda kituoni, akachukua damu ya watoto mia mbili na kumi na wawili walioambiwa hawana kitu, akaipaka kwenye vioo, akavitazama kwa hadubini kimoja kimoja. Watoto thelathini na mmoja akawakuta na vimelea vya malaria. Wakaitwa, wakapewa dawa.

Hapo Machumu akakaa kuandika. Alitaka kusema kwamba vioo vilikaushwa, vikatiwa rangi, kisha muuguzi akavipanga. Lakini kwa Kiingereza chake, aliyekaushwa na kutiwa rangi alikuwa muuguzi. Madam Eufrasia akasoma, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Muuguzi anaendeleaje?"

Mwanaidi akaichukua makala. Akaiandika upya mara kumi na moja. Muuguzi akapona. Kila sentensi ikasimama wima, na sentensi ya mwisho ikasema kwamba watoto wale wengine mia moja themanini na mmoja hawakuwa na malaria, hivyo walirudishwa nyumbani kwa usalama. Madam Eufrasia alipofika hapo aliweka alama ya vema, kisha akaongeza ya pili, jambo alilokuwa hajalifanya tangu aajiriwe.

Siku moja kabla ya kuituma, Mwanaidi aliisoma kwa sauti darasani. Alipomaliza, Tumsifu akanyoosha mkono.

"Madam, sijaelewa mwisho. Hawakuwa na malaria, au hatukuiona?"

"Si ni kitu kimoja?" Mwanaidi akauliza.

"Sijui. Ndiyo maana nauliza. Nikikwambia hakuna mtu chumbani, na nikikwambia sikumwona mtu chumbani, utaingia kuvua nguo kwa maneno yote mawili?"

Darasa likacheka. Machumu hakucheka. Akasema polepole, "Madam, kila kioo hutakiwa kutazamwa sehemu mia mbili kabla ya kusema hakuna kitu. Vioo ishirini vya mwisho nilitazama sehemu mia moja tu. Nilikuwa nawahi tarehe."

Madam Eufrasia alikumbuka kwamba katika rasimu ya kwanza ya Mwanaidi sentensi ile ilikuwa na neno "huenda", naye ndiye aliyelipiga mstari na kuandika: "Acha kunung'unika. Sema."

"Kipindi kimeisha," akasema. "Machumu, nenda maabara."

Machumu akaenda. Akavitazama upya vioo vyote ishirini. Kufikia jioni alikuwa amepata watoto wanne zaidi. Watatu wakapatikana makwao kesho yake, wanacheza, wakapewa dawa. Wa nne, msichana wa miaka minne aitwaye Riziki, alikuwa amepelekwa kwa bibi yake ng'ambo ya mto, na bibi alisema mtoto ana siku mbili hali chakula wala haamki vizuri. Akabebwa hadi hospitali. Siku ya tatu akafumbua macho, akadai uji, akapewa, akalalamika kwamba hauna sukari.

Makala ikarekebishwa, neno "huenda" likarudi mahali pake, ikatumwa. Baada ya mwezi likaja jibu: imekubaliwa kusomwa kwenye mkutano wa watafiti Kigali. Aendaye ni mwanafunzi mmoja. Huyo mmoja atafikiriwa pia kwa masomo ya uzamili. Jina liandikwe na mwalimu aliyewasimamia, kabla ya Ijumaa saa sita.

Madam Eufrasia akawaita wote watatu ofisini.

Machumu akasema, "Madam, bila mimi wangeandika nini? Miezi saba nimeinama kwenye hadubini. Watoto thelathini na mmoja walipata dawa kabla mtu yeyote hajauliza swali. Nilikosea vioo ishirini, na kosa nimelisema mwenyewe. Ningenyamaza, nani angejua?"

Mwanaidi akasema, "Madam, bila mimi kazi yake ingekuwa bado inamkausha muuguzi. Watu wa Kigali hawakusoma vioo, walisoma Kiingereza changu. Na lile neno sikulifuta kwa akili yangu. Nililifuta kwa sababu mwalimu wangu aliniambia."

Madam Eufrasia akapanga karatasi zilizokuwa tayari zimepangwa.

Tumsifu akasema, "Madam, Kiingereza changu unakijua, umenifelisha mara mbili. Kule nitababaika. Lakini wakiniuliza nisichokijua, nitasema sijui. Hawa wenzangu walijua kila kitu, na Riziki alikuwa kwa bibi yake haamki."

Wakatoka. Madam Eufrasia akabaki na fomu. Ilikuwa na mstari mmoja wa jina, na chini ya mstari iliandikwa kwamba majina mawili hayatapokelewa. Akaivuta kalamu, akaitazama saa. Ilikuwa Ijumaa, saa tano na dakika hamsini.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, dakika kumi ni zenu. Machumu aliyetazama na kukiri, Mwanaidi aliyeandika na kutii, Tumsifu aliyeuliza: ni nani kati yao aliyestahili mstari ule? Na yule aliyeshika kalamu, je, alistahili kuishika?