Maji ya Mwisho

"Weupe wa nguo, uulize mtaro."

Vijana wa maabara waliposikia Bibi Sikudhani akisema hivyo, walimuuliza msemo huo aliutoa wapi. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema asili yake ni hii.

Palikuwa na msichana mfagiaji aliyeishia darasa la tano. Alichokiona kwanza kilikuwa kitu kidogo: vyura wa mtaro wa nyuma ya maabara hawakulia tena.

Wakati huo Daktari Kobelo alitengeneza unga wa zinki wenye chembe ndogo kuliko vumbi, ambao ukitiwa kwenye maji machafu na kupigwa na jua huyasafisha. Chembe zile hupenda kugandana, kwa hiyo zilivikwa sabuni kali ya kiwandani ili kila moja ikae peke yake. Kisha unga ulioshwa mara saba, na msichana akayamwaga maji yake mtaroni. Mtaro ule ulipita kwenye mchicha wa mama yake.

Siku wageni walipokuja kuuona, unga ukasifiwa kwa weupe wake. Daktari akauliza kama kuna mwenye neno. Msichana alikuwa akigawa chai. Akasema huku akilitazama birika:

"Bibi yangu akifua kwa sabuni mpya, maji ya mwisho humwagia mche mmoja. Ukinyauka, sabuni ile hairudi nyumbani."

Mgeni mmoja akacheka, akasema leo hata fagio lina shahada.

"Na mche wetu uko wapi, mwanangu?" Daktari akauliza.

"Weupe wa nguo, uulize mtaro, Daktari."

Wakashuka wote. Mchicha ulikuwa umelala, wa manjano, na chura amegeuka tumbo juu. Daktari akarudi kuifungia sabuni kabatini.

Baadaye chembe zilivikwa povu la matunda ambayo wanawake wa mlimani hufulia. Mara tatu unga uligandana kama ugali. Ya nne ukakubali. Maji ya mwisho wakayamwagia mche ndani ya kopo, dirishani. Ukasimama.

Bibi Sikudhani akainuka kwenye ndoo.

"Msichana yule ni mimi. Vyura walinyamaza wiki tatu kabla ya wageni, nami nilijua ni maji yale. Niliogopa kuchekwa, nikaendelea kumwaga, na mama akaendelea kuchuma mchicha ule na kuula. Alikufa uzeeni bila kulisikia hilo kinywani mwangu. Weupe wa nguo, uulize mtaro. Mimi mtaro ulinijibu mapema, nikanyamaza."