Popo Walivyobaki Vichwa Chini

Kale, popo walikaa matawini vichwa juu, kama kuku. Msitu wa Mtondooni ulikuwa wao kwa amri ya Diwani, mtawala wa kisiwa, na amri ilisema hapiti mtu mpaka apige hodi akaribishwe. Hodi ni tatu. Ya tatu isipoitikwa, mgeni arudi kwao, aje kesho. Karani Faki aliwekwa njiani na daftari kusimamia jambo hilo, na kazi yake na njia alizifunga magharibi, saa ambayo wenyeji ndio kwanza wanaamka. Kwa hiyo miaka mitatu hakupita hata mmoja, na Diwani akasifiwa kwa utaratibu wake.

Mchana mmoja akaja Bi Shuwena, mkunga, mbio, jasho linamtiririka. Binti yake Mize alikuwa na uchungu tangu alfajiri, ng'ambo ya msitu, na mtoto ametanguliza miguu. Njia ya pwani ilikuwa imefunikwa na maji.

"Hodi," akaita.

Juu, mamia ya popo wekundu walilala wamejifunika mbawa zao.

"Hodi."

Mmoja alijikuna, akaendelea kulala.

"Imebaki moja, Bi Shuwena," akasema Faki, akichovya kalamu.

"Kuhesabu najua, mwanangu."

"Nakukumbusha tu. Hii ikipotea, ni kesho."

"Kesho nitakuja kuzika."

Faki akapekua daftari. "Hilo halina mahali pa kuandikwa."

Hodi ya tatu ilikuwa ulimini, naye Bi Shuwena akaogopa kuitoa. Akifunga mdomo, Mize anakufa; akiufungua bure, Mize anakufa vilevile. Mwishowe akavuta pumzi, akaitoa kwa ile sauti anayowatolea wazazi waliokata tamaa na hawataki tena kusukuma.

"HODI!"

Msitu mzima ulishtuka. Popo wote waliinama kwa mpigo mmoja kumtazama mgeni, wakapinduka, wakabaki wameshikilia matawi kwa kucha. Na kwa kuwa amri haikutaja nani aitikie, wakaitikia wote: karibu, karibu, karibu, kila mmoja akimzidi mwenziwe. Walipokuwa bado wanakaribisha, Bi Shuwena alishapita. Magharibi ilimkuta amempakata mjukuu, na Mize akiomba uji.

Nyuma kule, Faki aliandika maandishi yake ya kwanza, kwa mwandiko mzuri: Mgeni mmoja, mchana. Wenyeji wamemkaribisha, vichwa chini. Popo walipotaka kujiinua akawanyooshea kalamu. "Kaeni hivyo hivyo. Imeshaandikwa."

Walipeleka malalamiko kwa Diwani. Wakajibiwa kwamba shauri linaangaliwa.

Na tangu siku hiyo popo huning'inia vichwa chini, na ukipita mchana chini ya miti yao watakupigia kelele wote kwa pamoja mpaka moyo uruke. Usikimbie. Wanakukaribisha, tena kwa haraka, maana habari za Mize ziliwafikia, na kila mmoja anahofia kwamba huko mbele kuna mtu anayekufa kwa kuwa yeye amechelewa kuitikia.