Kwa Nini Wafumaji wa Nulvaram Hukaa na Miguu Shimoni

Hapo zamani, huko Nulvaram kusini mwa India, vitanda vya kufumia vilisimama juu ya sakafu kama kifaa kingine chochote cha nyumbani, na mfumaji alikaa kwenye kigoda.

Mwaka mmoja upepo mkavu ulivuma wiki tatu mfululizo kabla ya sikukuu. Ponnuthayi, mjane, ndiye aliyekuwa amepewa kazi ya kufuma vazi la mungu wa kike wa mji. Bila vazi jipya, gari la mbao la kumtembeza mungu huyo siku ya sikukuu halingevutwa, na mahujaji walikuwa tayari njiani, wengine wakitembea siku kumi. Lakini uzi ulikauka mno. Akiunga mmoja, nyuzi mbili zinakatika. Ilipobaki siku moja, vazi lilikuwa limepungukiwa na dhiraa mbili.

Asubuhi hiyo binti yake, Kuyili, akaamka na homa kali. Ponnuthayi alimkanda kwa maji, mwili usipoe. Hatimaye akamlaza katika shimo la nafaka lililokuwa tupu mle chumbani, maana udongo wake ulikuwa wa baridi. Mtoto akamsihi asimwache peke yake. Basi mama akakiburura kitanda cha kufumia hadi pale, akakishusha ukingoni, akaketi na miguu yake ndani ya shimo.

"Shika mguu wangu, mwanangu," alimwambia. "Nikihisi mkono wako, nitajua upo."

Akafuma roho mkononi. Masikio yake yote yalikuwa kwa mtoto, hata hakutambua mapema kwamba uzi haukatiki tena. Unyevu wa shimo ulikuwa ukipanda na kuulainisha. Jua lilipofika utosini ilibaki shibiri moja. Hapo vidole vya Kuyili vikalegea.

Alimwita. Akaacha kila kitu, akajitosa shimoni, akamgusa shingo. Ilikuwa imelowa jasho, imepoa. Kuyili akafumbua macho, akaomba uji.

Wajumbe wa hekalu walipobisha hodi, Ponnuthayi aliwaambia wasubiri. Walisubiri mpaka mtoto alipomaliza kunywa, ndipo vazi likamaliziwa.

Na tangu siku hiyo wafumaji wa Nulvaram huchimba shimo kwanza, kisha huweka kitanda juu yake. Wakiulizwa, husema uzi hautaki ukavu. Ila kabla shimo jipya halijaanza kutumika, mama wa nyumba hushuka humo na mwanawe wakakaa, na hakuna anayewaharakisha.