Karamu ya Mzee Kihiyo

Mniwie radhi, kisa hiki nitakisimulia vibaya, maana mimi hucheka kabla ya pa kuchekea.

Bi Mwanjaa aliuza uji kwa baiskeli pale Tanga, na malori ya Mzee Kihiyo yalikwisha kumtupa mtaroni mara tatu, yeye na chupa zake. Ndipo jiji likatangaza kwamba Alhamisi makarani watakaa kwenye njia ya ghala la Kihiyo, wahesabu waendao kwa miguu na baiskeli. Wakifika mia tano, njia itakuwa yao. Wasipofika, ni ya malori.

Mzee Kihiyo akamwita. "We mama uji, unajuana na mtaa mzima. Alhamisi sitaki kuona mtu anakatiza hapa!"

"Hilo tu, mzee wangu? Wape karamu uani kwako, nyuma ya ghala. Nitawakalisha huko kutwa."

"Hawatazurura?"

"Nani aache sambusa akazurure?"

Mzee akacheka mpaka tumbo likatikisika, akaagiza masufuria sita ya chai.

Alhamisi watu walikula uani mpaka wakafungua vifungo. Jioni walipokwisha kuondoka, mzee akawaendea makarani akisugua viganja. "Hamkupata hata kuku, eh?"

"Elfu moja na mia mbili, mzee. Mia sita asubuhi wakija kwako, mia sita sasa hivi wakirudi. Kwani uani kwako kuna njia nyingine?"

Mzee akamgeukia Bi Mwanjaa, macho yamemtoka. "Umeniua, wewe!"

"Kosa langu, mzee wangu," akasema Bi Mwanjaa, akipanda baiskeli. "Nilisahau kuwaambia waje kwa kupaa."