Ua la Mrampe na Chungu cha Mize

Ulikuwapo wakati, na mwenye kubisha akabishane na wazee wake, ambapo wali haukuwa na harufu. Mtu alikuna nazi, akakamua tui, akachagua mchele punje kwa punje hadi macho yakamuuma, akapika, akapakua, na kilichotoka chunguni kilikuwa cheupe na cha moto, basi. Kilijaza tumbo. Hakuna aliyewahi kuinua kifuniko akanyamaza.

Harufu njema za kisiwa kizima alikuwa nazo mmoja, mmea aitwaye Mrampe. Aliishi bondeni penye chemchemi, na majani yake marefu yalikuwa na miiba pande zote, kama ya nduguye Mkadi anayeishi pwani. Katikati ya majani hayo alibeba ua moja jeupe, kubwa kama kawa la kufunikia sinia. Kila jua lilipokaribia utosi, ua lilifunguka taratibu, na harufu ikapanda kutoka bondeni kama mvuke, ikapenya kwenye mianya ya makuti, ikaingia majumbani bila hodi.

Kila aliyeinusa alisinzia. Haukuwa usingizi wa uchovu. Mwenye jembe aliegemea mpini, mwenye kusuka alilala juu ya ukili wake, na wote wakaota ndoto ile ile: wanaitwa kula. Huko ndotoni sinia lilikwisha kuandaliwa, na waliolizunguka ni wale waliokwisha kuzikwa, wazima, wameoga, wanacheka, wanasogea ili mgeni apate pa kukaa. Jua lilipoinama watu waliamka, midomo bado inatafuna, wameshiba shibe isiyofika tumboni.

Kitu kitamu hakina wa kukikemea. Mashamba yakaota magugu, majivu yakapoa mekoni, kuku wakataga chunguni. Watu wakakonda huku wanatabasamu.

Mwanamke mmoja tu hakusinzia, Mize binti Faki, na si kwa uchaji wala werevu. Tangu utotoni alikuwa akipuliza kuni mbichi, na moshi ulimharibu pua asinuse kitu tena, si uvundo wala uturi. Alikuwa mpishi hodari na mtu wa hasira za karibu. Jambo likimkera alilisema hapo hapo, usoni, halafu akalisahau. Au ndivyo alivyojisifu. "Mimi neno langu ni moja," alipenda kusema, na aliyetaka la pili alitafuta pa kwenda.

Alikaa na mama yake, Bi Nyezuma, mjane wa mwaka wa saba. Kila adhuhuri Mize alimwekea bibi huyo wali mkekani, na kila alasiri aliukuta ulivyo, umekauka juu.

"Mama, hujala."

"Nimekula, mwanangu. Baba yako kanipakulia. Wali na pweza."

"Baba hakuwahi hata kuchemsha maji!"

"Huko amejifunza," alijibu Bi Nyezuma, akageukia ukutani ili ndoto isimtoke haraka.

Siku moja Mize alimwinua mama yake ampeleke kuoga, akamkuta mwepesi kama chicha iliyokwisha kukamuliwa. Mifupa ya mabega ilimchoma viganjani. Alimlaza pole pole, akachukua mundu ukutani, akashuka bondeni bila hata kujifunga kanga vizuri. Njiani aliwaruka majirani waliolala, kila mmoja na tabasamu lake.

Mrampe alimwona akija, akashangaa, maana hapakuwa na mtu aliyewahi kumfikia saa ile akiwa amesimama.

"Mbona hulali?"

"Nilale nani akufyeke?"

"Kosa langu nini? Nawapa watu wapenzi wao."

"Unawapa harufu bila chakula. Mama yangu anakufa na njaa, kinywa chake kinatafuna hewa." Mize alishika shina kwa mkono wa kushoto, miiba ikamtoboa, asiliachie. "Na mimi nampa chakula bila harufu, hakitaki. Basi sote wawili tunawapunja watu. Lakini mie sikujua kama napunja. Wewe je?"

Maji ya chemchemi yalipita, na ua likapepea juu yao kama tanga lisilo na pa kwenda. Hatimaye Mrampe akasema, kwa sauti ya majani yanayosuguana, kwamba harufu anaweza kuishusha. Itatoka kwenye ua, ikae ndani ya jani, ilale. Haitatoka humo mpaka pawepo maji na moto, na mtu aliye macho kuvichunga. Lakini harufu ikishuka, ua litaanguka, na asiye na ua hana mbegu.

"Nani atanizalia watoto?" aliuliza.

"Sisi," alisema Mize. "Tutang'oa machipukizi yako, tutayapanda nyuma ya majiko yetu, maji ya kuoshea vyombo yakunyweshe."

"Na yeyote atakayeomba chipukizi apewe. Asiuziwe, asinyimwe. Hata awe humpendi."

"Neno langu ni moja."

Kisiwani kwao, watu wakipatana jambo walifunga jani: huyu akazungusha, yule akakaza, na fundo likibaki ahadi imebaki. Mize akachukua jani moja, akalizungusha. Mrampe akakaza. Hapo ua likaachia, likaanguka chemchemini bila kishindo, maji yakalichukua. Miiba nayo ikapukutika mmoja mmoja. "Nilikuwa nalindia ua," alisema Mrampe. "Sasa nina nini cha kulinda?" Mkadi, aliyesikia yote kutoka pwani, akalikumbatia ua lake na kukaza miiba yake, na hakuna aliyemlaumu.

Mize alirudi kijijini na lile jani lenye fundo na machipukizi matatu. Kijiji kilikuwa kimeamka chote kwa mpigo, kina njaa ya miezi na hasira ya kuamshwa. Alipanda machipukizi karoni, panapomwagwa maji ya vyombo, nyuma ya jiko. Kabla hajanawa mikono, Bi Raya, jirani yake aliyetenganishwa naye na ua wa makuti, alikwisha kuchungulia.

"Shoga, nasikia una mche. Nipe mmoja na mie."

Mize alimtazama. Kumbe kuna jambo moja hakulisema usoni, wala hakulisahau. Mwaka uliopita alimpelekea Raya mchuzi wa kuku kwenye sahani yake ya udongo, na sahani ilirudi tupu. Kwa watu wale, sahani ya jirani hairudi tupu. Hata mtu akiwa hana kitu, huweka chembe ya chumvi.

"Ile sahani yangu uliirudisha na nini, Raya?"

"Sahani gani tena?"

"Ilirudi inang'aa kama kipara."

"Kha! Mwaka mzima umekaa na sahani kifuani?"

"Mche sina," alisema Mize, machipukizi matatu yakiwa nyuma ya visigino vyake.

Raya akaenda zake. Mize akakuna nazi yake ya mwisho, akapika, akatia lile jani, akafunika. Ndani, Bi Nyezuma alikuwa analia chini chini kwa kuwa amefumba macho tangu asubuhi na mumewe hakuja. Mize akampelekea wali unaofuka. Mama akausogelea, akanusa, akasogeza sahani kwa mgongo wa mkono.

"Ni ule ule wa siku zote," alisema. "Mwanangu, baba yako umempeleka wapi?"

Mize akarudi jikoni mbio, akafunua chungu. Jani lilikuwa limelala juu ya wali, limenyooka kama mshipi. Fundo halikuwepo.

Kwanza alimkasirikia Mrampe. Halafu akamkasirikia Raya na sahani yake. Halafu akaukasirikia mwiko, akautupa ukagonga ukuta na kumrudia miguuni. Kisha akatafuta mwingine wa kumkasirikia, akaona amebaki mmoja, na yeye ndiye aliyesema mche sina.

Aling'oa chipukizi moja pamoja na udongo wake, akaliweka juu ya sahani ile ile ya udongo, akazunguka ua wa makuti.

"Hodi."

"Hodi ya nini? Huku hakuna mche," alijibu Raya kutoka ndani.

"Nilikuwa nayo mitatu. Nilikudanganya."

Raya akatokeza kichwa mlangoni.

"Hebu sema tena."

"Nilikudanganya, Raya. Nikirudia mara ya tatu tutagombana."

Raya akacheka mpaka akashika kizingiti. Alipokea chipukizi, akaingia nalo, akakawia. Aliporudi, juu ya sahani palikuwa na nazi nzima iliyokwisha kufuliwa, na kando yake chembe ya chumvi. "Hiyo ya mwaka huu," alisema akiigusa nazi. "Hii ya mwaka jana. Sasa nenda, mama yako ana njaa."

Kwa nazi hiyo Mize akapika upya. Alikata jani changa karoni, akalizungusha, na alipolivuta alihisi limejikaza lenyewe vidoleni. Akalitumbukiza kwenye tui linaloanza kutokota, akatia mchele, akafunika, akatia makaa juu ya kifuniko. Kisha akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akangoja. Pua yake haikumwambia lolote. Ilimbidi asome kwa macho.

Aliona mtu aliyekuwa akipita njiani na mzigo wa kuni kichwani amesimama, mguu mmoja mbele, kama aliyeitwa jina. Akaona kichwa cha Raya kikiinuka juu ya ua, polepole, bila neno, na Raya hakuwa mtu wa kukosa neno. Halafu kilio cha ndani kikakatika.

Bi Nyezuma alitoka kwa miguu yake, mkono ukipapasa ukuta. Akaketi karibu na mafiga.

"Funua," alisema.

Mize akaondoa makaa, akafunua. Mvuke ukapanda mweupe, ukamfunika mama yake uso, na Bi Nyezuma akafumba macho. Midomo yake ikatikisika kidogo. Mkono wake ukasogeza kanga pembeni, kama anayempa mtu nafasi ya kukaa. Mize akamwinamia. Mvuke ukapungua.

"Umemwona?"

"Kapita tu. Hakuketi."

"Kasema nini?"

Bi Nyezuma akafumbua macho, akamtazama binti yake kama mtu aliyerudi kutoka mbali na kukuta nyumba bado ipo. "Kasema nile, unapoa." Akanyoosha mkono, akafinyanga tonge, akala. Akafinyanga la pili. Jani likaibuka kutoka chini ya wali, limebadilika rangi, limelegea, na fundo lake pale pale.

Na tangu siku hiyo mrampe hautoi ua. Hauna miiba pia, na ukiutaka hutaukuta porini. Utaukuta nyuma ya jiko la mtu, karoni, unakunywa maji ya vyombo. Ulionao nyumbani kwako ulitoka kwa jirani, na wa jirani ulitoka kwa mwingine, na akija mtu kukuomba chipukizi, mpe, hata kama ana sahani yako. Jani lake ukilishika bichi lina harufu ya kusitasita tu, kama mtu anayeongea usingizini. Lifunge fundo, litie kwenye tui la moto, ndipo litaamka. Likitoka chunguni bado limefungwa, ujue jikoni mwako hamna neno la uongo.

Na ukiona watu wazima, kifuniko kikiinuliwa, wanafumba macho kabla hawajanyoosha mkono, usiwaharakishe. Kuna anayepita. Mpishi peke yake hafumbi, kwa kuwa harufu ya chungu chake mwenyewe haimfikii. Yeye husimama na mwiko wake, anazitazama nyuso, anangoja kuambiwa.